Msiba wa kriketi na watani wake wa Melbourne

Mwaka wangu wa kwanza Melbourne, Novemba imeingia, supavaiza anapita ghala zima na kofia mkononi, ndani kuna vikaratasi vimekunjwa, eti toa dola tano uchukue kimoja. Nikatoa. Nikafungua nikakuta jina, nikauliza huyu ni nani sasa, jamaa wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye maboksi. Kumbe ni farasi. Kumbe Jumanne ya kwanza ya Novemba mji mzima unasimama kwa ajili ya mbio za farasi, na sio kusimama kwa maneno tu, ni sikukuu kabisa, shule hakuna, benki hakuna, na mimi nakaa Footscray, ng'ambo tu ya mto kutoka uwanja wa Flemington, kwa hiyo asubuhi treni zimejaa wadada na kofia zenye manyoya, jioni wale wale wanarudi peku, viatu mkononi. Farasi wangu aliingia wa mwisho. Mpaka leo, na ni miaka sasa, kuna mzee mmoja pale kazini kila akinikuta nachukua kahawa ananiuliza, "Farasi wako ameshafika?"

Mimi kwetu Tabora. Mtu wa Tabora ukimuuliza utani ni nini hakupi maana, anakupa habari za Wazaramo. Babu alipofariki tuko makaburini tunasubiri kuzika, mara mzee mmoja wa Kizaramo, rafiki yake wa tangu ujana, huyo kaburini, kajilaza chali, eti nyumba nzuri hivi mnampa huyu peke yake, mimi nilale wapi, sitoki. Bibi analia huku anacheka. Watu wakachanga, akahesabu hela mle mle shimoni, akasema haitoshi, wakaongeza, akatoka. Halafu akaenda nyuma ya mwembe akalia peke yake kama mtoto, hiyo sehemu wengi hawakuiona ila mimi niliiona.

Sasa niliposoma kwamba ushindani mkubwa kuliko wote kwenye kriketi, ule wa Uingereza na Australia, jina lake, The Ashes yaani Majivu, limetoka kwenye tanzia ya uongo iliyochapishwa gazetini, sikushangaa hata kidogo. Nikasema aah, na hawa nao wana watani. Ndio nikaanza kufukua habari za huu mji wa miaka ya 1800, usiku baada ya shifti, na nimefukua sana kuliko nilivyopanga.

Kwanza muelewe kwamba Melbourne ni mtoto wa juzi. Mwaka 1835 ndio walowezi wamevuka bahari kutoka Tasmania, mmoja wao anaitwa John Batman akawakalisha wazee wa Wurundjeri, wenyeji wa asili wa pale, akawapa mablanketi, visu, mashoka, vioo na unga, halafu akasema ameshanunua nchi. Gavana aliyekuwa Sydney aliufuta ule mkataba, ila sio kwa kuwahurumia Wurundjeri, alisema tu ardhi yote ni ya mfalme kwa hiyo hao wazee hawakuwa na cha kuuza. Mwaka 1838, mji una miaka mitatu, barabara ni tope na visiki, wameshakimbiza farasi na wameshaanzisha klabu ya kriketi. Miaka mitatu! Mimi nina kiwanja Tabora miaka saba sijajenga hata choo.

Halafu 1851 dhahabu ikaonekana Ballarat na Bendigo na dunia nzima ikahamia. Ukifika 1891 Melbourne na vitongoji vyake ina watu laki tano kasoro kidogo. Lakini dhahabu peke yake haijazi uwanja wa mpira, na hapa kuna kitu nadhani watu wengi wanakiruka. Tarehe 21 Aprili 1856 mafundi mawe waliokuwa wanajenga chuo kikuu waliweka nyundo chini, wakaandamana mpaka kwenye jengo la bunge lililokuwa linajengwa, wanadai kazi iwe saa nane kwa siku na mshahara usiguswe. Wakapata. Kauli yao ilikuwa saa nane kazi, saa nane starehe, saa nane kulala. Taratibu na Jumamosi mchana nayo ikaanza kuwa ya mfanyakazi. Sio wote lakini, wanawake wa kushona nguo viwandani waliendelea kusota mpaka wakagoma 1882. Ila tayari una mji ambao wanaume wake wana hela, wana Jumamosi mchana, na nyumbani kwao walikotoka ni miezi mitatu kwa meli. Watafanya nini sasa? Watacheza, watabeti, na watatafuta wa kumcheka.

Magazeti ya kuwachekesha yalikuwepo. Mwaka 1855 lilianza Melbourne Punch, nakala ya Punch ya London, katuni na mashairi na kejeli kwa wanasiasa kila wiki. Kwenye migodi kulikuwa na mwimbaji anaitwa Charles Thatcher, yeye kazi yake ilikuwa kutunga nyimbo za kuchekesha kuhusu mambo ya wiki hiyo hiyo, polisi wamemkamata nani, nani kajidai na farasi kaanguka, wachimbaji wa Bendigo wanalipa kwenda kusikia wakitajwa. Wabongo tungemuelewa vizuri tu.

Na lilikuwepo gazeti la michezo, Bell's Life in Victoria, na humo Julai 1858 kijana mmoja wa kriketi, Tom Wills, akaandika barua. Alisema kwa maana kwamba wachezaji kriketi wakikaa tu winta nzima watanenepa na viungo vitaganda, bora tuanzishe klabu ya futiboli tujiweke sawa mpaka joto lirudi. Yaani mpira wa miguu wa Australia, ambao leo unajaza watu laki moja fainali, ulianza kama zoezi la kupunguza kitambi. Mwezi uliofuata shule mbili zikacheza, wachezaji 40 kila upande, uwanja ulikuwa mbuga yenye miti, wakacheza mpaka giza hakuna mshindi, wakarudi Jumamosi nyingine, wakarudi tena nyingine, mwisho bao moja kwa moja wakaachana hivyo hivyo.

Mei 1859 wakakaa kuandika sheria, kumi tu. Wills alikuwa amesoma Uingereza, shule ya Rugby, akapendekeza zile za kwao shuleni, binamu yake Harrison aliandika baadaye kwamba shida ni moja tu, hakuna aliyezielewa isipokuwa yeye mwenyewe Wills. Wakakubaliana kusukumana ruksa, kutegana ruksa, ila kupigana mateke ya ugoko marufuku. Nawaelewa kabisa, hawa walikuwa watu wazima, Jumatatu wana ofisi. Kwa kifupi walipenda mchezo kupita kiasi, mpaka Agosti 1879 wakajaribu kucheza usiku MCG, uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne, kwa taa za umeme, mpira wameupaka rangi nyeupe uonekane. Ukweli ni kwamba taa zenyewe hazikutosha, watu walikuwa wanashangilia vivuli.

Kwenye farasi nako kuna kisa, na hiki ndicho kilichonichekesha kuliko vyote. Kombe la kwanza la Melbourne ni Novemba 7, 1861. Farasi 17, mmoja akatoroka, watatu wakaanguka, wawili wakafa, na mshindi akawa Archer, farasi wa kutoka New South Wales, yaani kwa mahasimu. Wakaondoka na pauni 710 na saa ya dhahabu. Mji ukatunga kisa kwamba Archer alitembea kwa miguu kilomita 800 kutoka kwao mpaka Melbourne ndio akaja kushinda, na kisa hicho kipo mpaka leo, japo ukweli huyo farasi alikuja na meli kama bwana mkubwa. Mwaka 1862 akarudi akashinda tena. Sasa 1863 mmoja wa wakubwa wake, Etienne de Mestre, akatuma telegramu kuthibitisha kwamba Archer atakuja. Telegramu ikachelewa. Kwa nini? Kwa sababu siku hiyo Melbourne ilikuwa sikukuu, ofisi ya telegramu inajivuta, ikafikishwa saa ya mwisho imepita. Wasimamizi wakasema pole sana, sheria ni sheria. Wenye farasi wa nje ya Victoria, yaani koloni la Melbourne, wakakasirika wakagoma, mbio zikawa na farasi saba tu. Na mji huo huo baadaye ukaja kuzifanya mbio hizo hizo kuwa sikukuu. Nikikumbuka hilo nikiwa kwenye treni nacheka peke yangu watu wananihamia siti.

Haya, tuje kwa baba, Uingereza. Maana koloni ni mtoto, na mtoto anayekua kuna siku anaanza kumpima baba yake.

Mwaka 1861 wafanyabiashara wawili wa mgahawa hapa mjini, Spiers na Pond, walitaka kumleta Charles Dickens aje asome hadithi zake jukwaani. Dickens akakataa. Wakasema basi, tulete timu ya kriketi ya Uingereza. Nawapenda sana hawa watu wawili, mwandishi kakataa, leta kriketi, biashara iendelee. Mechi ya kwanza ni Januari mosi 1862, zaidi ya watu 15,000 wamejaa, na ili iwe haki, Waingereza walikuwa 11 na wenyeji walikuwa 18. Kumi na nane! Na wakafungwa vile vile, tena vibaya. Mwisho wa mechi wakarusha puto kubwa limechorwa Malkia, watu wakaenda nyumbani wamefurahi. Hiyo ndiyo hali ya mtoto wakati huo, anapigwa na baba halafu anapiga makofi.

Miaka kumi na mbili baadaye akaja W. G. Grace mwenyewe, yule daktari mwenye ndevu, mchezaji mkubwa kuliko wote Uingereza, tena eti ni "amateur", anacheza kwa mapenzi tu halipwi. Mapenzi yake yaligharimu pauni 1,500 na gharama zote za yeye na bibi harusi wake, maana ilikuwa pia fungate. Wenzake waliokuwa wanatajwa wazi kwamba ni wa kulipwa walipata sehemu ndogo tu ya hizo. Wenyeji wakaanza kuona kumbe baba naye ana mambo yake.

Halafu Machi 1877, MCG, kwa mara ya kwanza 11 kwa 11. Waingereza wameshuka melini jana yake kutoka New Zealand, wengine bado kichefuchefu, na mlinda wiketi wao, yule anayedaka nyuma ya vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi, Ted Pooley, hayupo kabisa, kabaki Christchurch ana kesi. Kesi ya nini? Ya mkeka. Alimwambia mtu wa huko, mimi nitakutajia kila mchezaji wa timu yenu atapata ran ngapi, yaani pointi, nikikosea nakupa shilingi, nikipatia unanipa pauni, na pauni enzi hizo ni shilingi 20. Jamaa akakubali. Pooley akaandika sifuri, sifuri, sifuri, kwa wote 18. Timu ilikuwa dhaifu, nusu nzima wangetoka bila kitu na yeye alijua. Jamaa akagoma kulipa, ngumi zikatembea, polisi wakaingia, na mpaka Pooley anamalizana na mahakama mechi ya Melbourne ilishachezwa. Australia ikashinda kwa ran 45. Charles Bannerman peke yake alipiga 165 mpaka kidole kikapasuka akatoka. Miaka 100 kamili baadaye, 1977, wakacheza mechi ya kumbukumbu uwanja ule ule, Australia ikashinda tena, tena kwa ran 45. Ukiandika hivyo kwenye tamthilia watu watakwambia umezidisha.

Lakini hiyo ilikuwa nyumbani. Kumfunga baba nyumbani kwake ni kitu kingine, na ndiyo hiyo Agosti 29, 1882, uwanja wa Oval, London. Uingereza wanahitaji 85 tu washinde. Kabla ya hapo Grace alikuwa amemtoa kijana wa Australia kwa ujanja, kijana katoka kwenye mstari kurekebisha nyasi kidogo akidhani mpira umekufa, Grace kavunja wiketi. Kisheria sawa, kiungwana hapana. Mrushaji wao Fred Spofforth, waliyemwita Shetani, akaingia chumba cha Waingereza akawaambia wazi wazi kwamba hilo litawagharimu, akatoka akawaangusha saba. Wakafia 77. Wamekosa nane.

Siku chache baadaye gazeti la Sporting Times la London likatoa tanzia, na mwandishi wake, Reginald Shirley Brooks, aliiandika kama tanzia haswa: kriketi ya Uingereza imefariki pale Oval tarehe 29, inaombolezwa na marafiki wengi, mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Na muelewe kuchoma maiti Uingereza wakati huo kulikuwa bado mjadala mkali, kwa hiyo utani ulikuwa na pilipili mara mbili. Huyu Brooks ni Mwingereza, analala kwenye kaburi la timu yake mwenyewe anasema sitoki mpaka mnilipe. Niliposoma nilimuona yule Mzaramo wetu kabisa, hata udongo mgongoni.

Utani wa gazeti la London ungeisha na wiki yake. Melbourne ndiyo waliokataa uishe. Kapteni wa Uingereza aliyefuata, kijana anaitwa Ivo Bligh, alikuja miezi michache baadaye anasema amekuja kuchukua majivu, na mke wa tajiri mmoja wa hapa, Lady Janet Clarke, akamkaribisha timu nzima Krismasi kwenye jumba lao Sunbury, nje kidogo ya mji. Wakacheza mechi ya kirafiki, na wale kina mama wakaona huyu kijana asirudi mikono mitupu, wakamtafutia kichupa cha udongo urefu wa kiganja, wakatia majivu ndani, chukua majivu yako. Majivu ya nini, watu wanabishana mpaka leo, wengi wanasema ni kijiti cha wiketi kimechomwa. Baadaye kikabandikwa shairi lililokatwa kwenye Melbourne Punch. Aliyekuwa mwalimu wa muziki kwenye lile jumba, Florence Morphy, alikuwemo kwenye huo mpango, na Bligh akamuoa 1884. Kaja kuchukua majivu kaondoka na mke.

Na kichupa chenyewe kinakaa jumba la makumbusho la uwanja wa kriketi wa Lord's, London. Bligh alipofariki 1927 mjane wake alikitoa kwa klabu ya pale. Australia wakishinda hakiji, wakishindwa hakiendi popote, kipo pale pale. Mwaustralia ukitaka kumuudhi mtaje hicho kichupa.

Hapo ndipo ningemaliza kama nisingeendelea kusoma. Ila kuna kitu kilinikaa vibaya.

Siku ya pili ya Krismasi 1866, MCG, watu kama 10,000 wanaangalia timu ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kutoka magharibi mwa Victoria ikicheza na klabu ya Melbourne. Kocha wao ni nani? Tom Wills yule yule wa barua ya kitambi. Miaka mitano nyuma baba yake na watu wengine 18 waliuawa na Waaborijini kule Queensland, yeye mwenyewe akaponea chupuchupu kwa kuwa alikuwa safarini kufuata bidhaa. Na bado akaenda kuwafundisha. Mimi sijui kichwani mwake kulikuwa na nini, alikufa 1880 kwa mkono wake mwenyewe, pombe ilishammaliza. Mwaka 1868 timu hiyo ikaenda Uingereza, miaka kumi kabla ya ile timu ya Australia ya wazungu, wakacheza mechi 47, wakashinda 14, wakafungwa 14, sare 19. Mwenzao mmoja, King Cole, alifia London akazikwa huko huko. Johnny Mullagh alipiga ran 1,698 na kuangusha wiketi 245, ziara moja.

Sasa soma majina waliyochezea. Dick-a-Dick. Bullocky. Twopenny, yaani peni mbili. Mosquito. Jim Crow. Mullagh kwao aliitwa Unaarrimin, Dick-a-Dick aliitwa Jungunjinanuke. Kwetu mtani akikuita nyani wewe unamuita fisi, mnaenda hivyo mpaka mnazeeka. Hawa waliitwa tu. Kwenye makaratasi niliyoyasoma sijakuta hata sehemu moja wao wakimpa mzungu jina, japo nina uhakika walimpa, kwa lugha yao, jioni, kwenye moto.

Mechi zikiisha Jungunjinanuke alikuwa anasimama uwanjani na ngao nyembamba mkono mmoja na rungu la kupinda mkono mwingine, na watu wanalipa shilingi wamrushie mipira ya kriketi, mipira migumu kama jiwe, kwa nguvu zao zote, kutoka hatua chache tu. Hawampati. Anaikinga, anaikwepa, anawacheka. Waingereza wanalipa, wanakosa, wanalipa tena. Hapo nani anamcheka nani mimi nimeshindwa kuamua, na nimefikiria sana.

Timu ilirudi. Mwaka uliofuata, 1869, Victoria ikapitisha sheria ya kuwasimamia Waaborijini, bodi ndiyo inaamua wakae wapi na wafanye kazi gani, na habari za timu zikaishia hapo. Melbourne Punch iliendelea kuchora na kuchekesha, na katuni zake za Wachina zingine nilifunga kompyuta. Wachina wale walitozwa pauni kumi kila kichwa kushuka bandari ya Victoria toka 1855, kwa hiyo wakawa wanashukia Robe, koloni la jirani, wanatembea kwa miguu mamia ya kilomita mpaka kwenye dhahabu. Farasi Archer ametungiwa kisa cha kutembea alichokuwa hajatembea. Wao walitembea kweli.

Lile rungu la Jungunjinanuke lipo Lord's. Ndio, jumba lile lile lenye kichupa.

Novemba hii iliyopita kofia ikapita tena ghalani, nikatoa dola zangu tano, farasi wangu kama kawaida hata kamera haikumuonesha. Kesho yake niko kwenye mashine ya kahawa, mzee huyo hapo. "Farasi wako ameshafika?" Nikamwambia alishaondoka nyumbani zamani, ila telegramu ndio imechelewa, ilikuwa sikukuu. Akanitolea macho. Kazaliwa hapa, kakulia hapa, hakukijua hicho kisa, ikabidi nimsimulie chote, de Mestre, saa imepita, farasi saba, mpaka mapumziko yakaisha na supavaiza akaanza kukohoa kule mlangoni. Toka siku hiyo mimi namuita Telegramu. Alichelewa shifti juzi, dakika nne, nilimsubiri pale mlangoni na saa mkononi.